Mstari wa Nne, Wote Wapo

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa na watoto hamsini na sita, rula ya mbao yenye urefu wa mita moja, na sifa ya kumaliza mahudhurio kabla walimu wenzake hawajapata hata kalamu zao. Watoto walimwita Bi Rula. Alijua, na wala hakuchukia. Ile rula hakuwahi kumchapa nayo mtu. Aliipiga mezani tu, pa! na darasa likanyamaza hata ukasikia chaki inavyodondoka.

Siri ya mahudhurio yake ilikuwa hii. Watoto walikaa mistari saba, nane kila mstari, kwa kufuata namba zao za daftarini. Badala ya kuita majina hamsini na sita, Bi Rula aliwaita viranja saba. "Mstari wa kwanza?" "Wote wapo, Mwalimu!" Basi, alama nane za vema zinateremka kwa mkupuo mmoja. Na ili watoto waipende shule, aliongeza kanuni yake mwenyewe: mstari uliotimia ndio unaotoka kwanza wakati wa mapumziko. Aliisimulia mbinu hiyo ofisini mara nyingi mno, mpaka mwalimu wa hesabu akimwona anafungua kinywa humalizia mwenyewe: "Viranja saba, dakika moja. Tumesikia, dada." Walimcheka, kisha wakaiga wote.

Kitu kimoja tu kilimharibia asubuhi zake. Namba thelathini na moja, msichana mwembamba aliyekaa dawati la mwisho la mstari wa nne, alikuwa na miguu isiyojua kutulia. Ilikanyaga sakafu juu chini, juu chini, tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, ndiyo maana wenzake wakampa jina la Cherehani. Kila mara kiranja wa mstari wake, kijana mnene aliyeitwa Meneja, aliposema "Wote wapo," Cherehani aliruka juu na kupiga kelele. Alipiga kelele za nini, hakuna aliyesikia, maana mstari mzima ulimzomea papo hapo na Bi Rula akapiga rula. "Keti!" Ndivyo ilivyokuwa kila siku iendayo kwa Mungu.

Juma lililopita Cherehani alimng'ata Meneja mkononi mpaka alama za meno zikahesabika, eti kwa kuwa Meneja alitaka kukaa karibu naye kwenye dawati lake. Hapo Bi Rula akaona maji yamezidi unga. Alikwenda kwa mkuu wa shule akaomba barua: mtoto huyu ameshindikana, aondolewe. Mkuu akaichapa. Ilikuwa inangoja saini ya mwalimu wa darasa, mwisho Ijumaa, na kila mtu pale ofisini alijua kwamba mtoto mwenye barua ya namna ile hapokelewi na shule nyingine kirahisi. Anakaa nyumbani, na akikaa sana, ndiyo basi.

Jumatatu akaja muuguzi wa afya ya akili, binti mdogo mwenye mkoba uliomwelemea bega. Alikuwa anapita shule kwa shule kuhesabu watoto wenye matatizo ya tabia: wasiotulia, wanaopigana, wanaoogopa kupita kiasi, waliojifungia ndani ya nafsi zao.

"Mwanangu," Bi Rula akamwambia, "kwangu usijichoshe. Yupo mmoja tu. Yule kule nyuma, wa miguu."

"Mmoja tu, Mwalimu?"

"Mmoja, ila ana kazi ya kumi."

Muuguzi alitabasamu, akamkabidhi fomu hamsini na sita. Hazikuwa na majina, namba tu. Kila fomu ilikuwa na mistari ishirini na mitano: mtoto huyu hawezi kukaa mahali pamoja; mtoto huyu hana rafiki; mtoto huyu hulalamika tumbo bila ugonjwa. Mbele ya kila mstari kulikuwa na visanduku vitatu: kamwe, mara chache, mara nyingi. Bi Rula alizimaliza zote kabla ya chakula cha mchana. Namba thelathini na moja alimjazia "mara nyingi" kutoka juu hadi chini, kalamu ikakaribia kutoboa karatasi. Jirani yake wa dawati, namba thelathini na mbili, alimpa "kamwe" zote ishirini na tano bila kusita. Huyo alikuwa binti wa fundi saa, mtoto wa mfano, hasemi, hasumbui, kama hayupo vile.

Jumanne asubuhi muuguzi akazirudisha zote.

"Mwalimu, umejaza watoto hamsini na sita kwa saa moja na nusu."

"Miaka ishirini na sita ya kazi, mwanangu. Nawajua nje ndani."

"Sikatai. Lakini naomba usijaze unachokijua. Jaza unachokiona. Wape kazi ya kuandika, halafu kila mtoto mpe dakika tano, umtazame yeye peke yake. Usimfundishe, usimkanye. Mtazame tu."

Bi Rula alizipokea huku amenuna. Kuambiwa na mtoto wa juzi kwamba hujawaona watoto wako! Jioni alimwaga yote kwa mumewe, fundi bomba, aliyekuwa anasugua mikono kwa sabuni ya unga.

"Mimi nikiitwa nyumba inavuja," mumewe akasema, "sianzi na bomba linalopiga kelele. Hilo limeshajisema. Natafuta lile lililonyamaza huku ukuta umelowa."

"Na wewe umekuwa muuguzi?"

"Hapana, mama. Ila usije ukanitazama mimi dakika tano, nitahama nyumba."

Bi Rula alicheka, lakini maneno yalimwingia. Jumatano aliwapa watoto kazi ndefu ya kunakili ubaoni, akakaa na saa yake mbele yake, akaanza na namba moja.

Namba moja alikuwa wa kawaida. Namba mbili, ambaye miaka yote ripoti yake ilisema "mvivu, hamalizi kazi," aligusa kona ya kwanza ya daftari lake, ya pili, ya tatu, ya nne, ndipo akaandika neno. Kisha akagusa tena kona nne. Alipokosea mpangilio alifuta neno lake na kuanza upya. Bi Rula alihesabu: kwa dakika tano mtoto yule aligusa kona za daftari mara themanini na nane, na aliandika maneno tisa. Mvivu! Hakuna mtu shule nzima aliyekuwa anafanya kazi kubwa kuliko yule.

Namba tisa alikuwa mtulivu, ameinama, penseli inakwenda vizuri. Bi Rula alisogea. Penseli ilikuwa inakwenda hewani, upana wa unywele mmoja juu ya karatasi, na ukurasa ulikuwa mweupe. Namba kumi na nne, mchekeshaji wa darasa, alirusha mabega juu kila mlango ulipofunguliwa, na ule mzaha wake wote ulianza mara tu baada ya mlango kufunguliwa. Namba ishirini alikuwa anang'oa nywele zake, unywele mmoja mmoja, na kuzilaza kwa adabu ndani ya kopo la penseli.

Bi Rula alijikuta anapumua taratibu, asije akawashtua. Alikuwa ameingia chumba kile kila siku ya kazi, akidhani amesimama mbele ya darasa. Kumbe alisimama mbele ya watoto hamsini na sita, na kila mmoja alikuwa amebeba mzigo wake mpaka dawatini na kuukalia kimya, na saa mbili asubuhi akaimba "shikamoo Mwalimu" pamoja na wenzake. Wanawezaje? alijiuliza. Mimi mtu mzima, bomba la jikoni likivuja tu siku yangu imekwisha. Watoto hawa wanawezaje?

Alhamisi alifika mstari wa nne. Kwa namba thelathini na moja alijiandaa kabisa, kalamu mkononi. Miguu ilikuwa inakanyaga, kama kawaida. Mkono wa kulia uliandika haraka haraka, herufi zimeanguka hovyo. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshikilia begi lililowekwa upande wa pili wa dawati, kana kwamba kuna mtu atalinyang'anya. Dakika ya tatu Cherehani alifunga daftari lake, akafungua begi, akatoa daftari jingine lenye jalada safi, akaanza kunakili ubao wote upya. Safari hii aliandika pole pole, ulimi nje, herufi zimesimama wima, mstari kwa mstari. Na miguu ilikuwa imetulia.

Bi Rula aliitazama ile miguu mpaka dakika tano zikapita na tano nyingine juu yake. Hakuwahi kuiona imetulia. Hakujua kama inaweza.

Akachukua fomu ya thelathini na mbili, akanyanyua macho kumtafuta binti wa fundi saa. Mahali pake palikuwa na begi.

"Namba thelathini na mbili yuko wapi?"

Darasa likanyamaza bila rula. Meneja akainama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa ndala. Cherehani akaruka juu.

"Hayupo! Mwalimu, hayupo! Kila siku nasema hayupo!"

Hakuna aliyemzomea, na kwa mara ya kwanza maneno yake yalisikika yote. Bi Rula akamsogelea.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu siku ya saa. Ile siku umetufundisha kusoma saa."

Bi Rula alifungua daftari lake la maandalio ya masomo. Somo la saa lilikuwa siku kumi na tisa za shule nyuma. Alifungua daftari la mahudhurio. Namba thelathini na mbili: vema, vema, vema, kumi na tisa zimepangwa vizuri. Ndipo akaikumbuka siku yenyewe, nayo ilimjia yote kwa pamoja. Alikuwa amemwita yule mtoto mbele. "Binti wa fundi saa hawezi kushindwa na saa!" alisema, kwa mzaha, na darasa likacheka. Mtoto alisimama mbele ya ule mchoro ubaoni, midomo inatetemeka, neno halitoki, mpaka kengele ikalia. Bi Rula alikuwa amesahau kabla hajafika ofisini.

Mchana ule ule alikwenda kwa fundi saa. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilikuwa karakana: meza nyembamba, taa yenye shingo ndefu, na saa ukutani, nyingi, kila moja ikisema lake. Chumba cha nyuma kilitenganishwa kwa pazia. Fundi alitoa kioo chake cha jichoni, akasimama.

"Karibu, Mwalimu. Nilikungoja."

"Ulikuwa unaningoja?"

"Wiki ya kwanza kila siku. Nilisema, mtoto akikosekana shule itamuulizia. Wiki ya pili nikangoja kidogo kidogo. Hii sasa nilikuwa nimeacha."

"Lakini baba, kwa nini hukuja kutuambia?"

"Nilikuja, siku ya tatu. Nikafika ofisini kwenu, wakafungua daftari, wakaniambia mtoto wako yupo darasani." Fundi alicheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya, na hicho ndicho kilichomuumiza Bi Rula zaidi. "Nikarudi hapa, nikamkuta chini ya kitanda. Nikawa sijui niamini lipi, daftari la serikali au macho yangu. Nikaona haya kurudi kubisha."

Alimweleza yote. Kila asubuhi mtoto huvaa sare, hufunga mkoba, hufika mlangoni. Hapo tumbo linamkata, anatetemeka, anatapika. "Nyumbani anasema, Mwalimu, tena ana maneno! Akivuka kizingiti tu, sauti inabaki ndani. Si kiburi. Nimeshamsihi, nimeshamgombeza, nikaona namwonea."

Mlango wa nyuma ukabamizwa, na vishindo vya miguu vikaingia mbio. Fundi akaweka kidole mdomoni. "Huyo ni yule rafiki yake. Kila siku hakosi. Hajui kwamba upo."

Nyuma ya pazia sauti ndogo, safi, ambayo Bi Rula hakuwahi kuisikia maishani mwake, iliuliza: "Leo mmesoma nini?"

Alimfundisha mtoto huyo tangu mwaka ulipoanza. Alijua mwandiko wake, namba yake, soksi zake. Sauti yake ndiyo kwanza anaisikia, na ilikuwa sauti ya mtoto yeyote, yenye haraka ya kujua. Bi Rula alifunika mdomo kwa kiganja.

"Tumesoma nyingi, nimekuandikia zote, shika," sauti ya Cherehani ikajibu, na miguu ikaanza kukanyaga sakafu ya nyuma ya pazia. "Halafu unajua nini? Mwalimu siku hizi hafundishi. Anakaa anatutazama tu, mmoja mmoja. Leo akakutafuta wewe!"

"Akasemaje?"

"Akasema yuko wapi. Nikamwambia hayupo. Leo amenisikia. Meneja hatakaa pale, usiogope, nimeweka begi."

Bi Rula aliaga kwa kichwa, akatoka nje. Alitembea mpaka kwake bila kuona njia. Mtoto mmoja asiyeweza kutulia alikuwa ameshika mahali pa mwenzake kwa meno, wiki nne, na masomo yake kwa kalamu, na kila asubuhi alisimama kusema kweli akijua atazomewa. Na yeye, mwenye rula na macho mawili mazima, alikuwa amemwombea barua.

Ijumaa saa sita alikamilisha fomu ya mwisho. Muuguzi alikaa naye darasani, watoto wakiwa nje, akajumlisha. Ilichukua muda.

"Kumi na wawili, Mwalimu."

"Shule nzima?"

"Darasa hili."

Bi Rula alitazama madawati matupu. Alijaribu kuwahesabu, mbili, tisa, kumi na nne, ishirini, thelathini na mbili, na wale wa mistari ya dirishani. Walikuwa kumi na wawili kweli.

"Ni mimi nimewaharibu?"

"Hapana, mama. Hii ni shule ya tisa ninayopita. Kila nilipokwenda inakuja hivi hivi, karibu mmoja katika kila watano. Na kila mwalimu huniambia anaye mmoja tu."

"Na Cherehani? Naye yumo?"

"Yumo. Atahitaji msaada, tena wa kweli. Kuwa na shida si kuwa mbaya."

Mwalimu wa miaka ishirini na sita alifanya hesabu yake kichwani, darasa kwa darasa, mwaka kwa mwaka. Ilimjia karibu watoto mia tatu. Mia tatu walikuwa wamepita mbele ya rula ile, wameamkia, wamenakili, wamehama darasa, naye hakuona. Hakulia. Alikaa tu na ile namba, kubwa kuliko chumba, na akaona inastahili kukaliwa kimya.

Kisha akanyanyuka, akachukua daftari la mahudhurio na kwenda kwa mkuu wa shule. Barua ilikuwa juu ya meza, kalamu imewekwa kando yake.

"Mwalimu, saini tumalize. Wikendi hiyo."

"Sisaini, Mkuu."

"Wewe ndiye uliyeiomba!"

"Mimi ndiye. Sasa soma hili kwanza." Alifungua daftari mbele yake. Katika safu ya namba thelathini na mbili, vema kumi na tisa zilikuwa zimekatwa kwa wino mwekundu, kila moja na saini yake pembeni.

Mkuu alivaa miwani, akavua, akavaa tena. "Unajua umefanya nini? Daftari la mahudhurio halikatwi. Nitalazimika kuandika. Faili lako halina doa tangu uajiriwe, na imebaki miaka minne tu upate pensheni!"

"Andika, Mkuu. Na kwenye maelezo uandike kwamba kulikuwa na mtu darasani aliyesema ukweli siku zote kumi na tisa, na mimi nikamwambia aketi. Sasa huyo tunamfukuza kwa kosa gani?"

Mkuu aliichukua barua. Hakuichana, hakuwa mtu wa mbwembwe. Aliivuta droo, akaitia chini ya karatasi nyingine zote, akafungua ukurasa mpya, akaanza kuandika onyo la Bi Rula. Mwandiko wake ulikuwa mzuri na Bi Rula alisaini palipohitajika.

Wiki mbili zilipita. Muuguzi alikwenda kwa fundi saa kila jioni, na Bi Rula naye, mwanzo akikaa upande huu wa pazia, baadaye upande ule. Siku moja mtoto alifika njia panda, akarudi. Siku nyingine alifika getini. Jumatatu ya wiki ya tatu fundi saa alisimama mlangoni mwa darasa, amemshika mkono binti yake, na binti alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Alitembea ukutani ukutani mpaka dawati la mwisho la mstari wa nne. Begi liliondolewa mahali pake upesi.

Bi Rula hakuuliza viranja. Aliita namba, moja baada ya nyingine, akinyanyua macho kila mara na kungoja mpaka macho ya mtoto yakutane na yake. Mahudhurio siku hizi yalimchukua robo saa nzima, na mwalimu wa hesabu alikuwa hana la kumalizia tena.

"Thelathini na moja."

"Nipo!"

"Thelathini na mbili."

Kimya. Midomo ya yule mtoto ilifunguka, ikatetemeka, haikutoa kitu. Darasa zima liligeuka. Fundi saa mlangoni alikaza kofia yake mikononi.

Cherehani akaruka juu mpaka dawati likasogea.

"Yupo! Mwalimu, yupo!"

Bi Rula alitia vema moja kwa wino wa bluu, akaikausha kwa kidole. Cherehani alikuwa bado amesimama, anangoja lile "Keti!" la kila siku, na Bi Rula hakulisema.